Sifuri Katika Daftari

Nimepewa fursa ya kuzungumza nanyi, wasikilizaji wa Kate, Namanyere, Chala, Kirando na Sumbawanga mjini, mintarafu ya kodi ya wafanyabiashara wadogo na ya watu waliojiajiri wenyewe, kama fundi cherehani, mwenye kibanda cha chakula, mchuuzi wa samaki, mwenye duka la rejareja na mwenye mashine ya kusaga. Na kabla sijaendelea imenipasa niseme kwamba mimi si mwanasheria wala mhasibu. Nimekuwa mwalimu wa hesabu katika shule za msingi za Ufipa kwa sehemu kubwa ya umri wangu, na nilipostaafu nikatia kiinua mgongo changu katika mashine ya kusaga nafaka, hapa hapa Kate, na ni mashine hiyo iliyonifundisha habari ninayotaka kuwapa leo.

Ilikuwa mwezi wa Julai, majira ambayo kila mmoja wetu anayajua, mahindi yamekwisha kupukuchuliwa, ulezi umeingia ghalani, baridi inauma asubuhi, na foleni ya madebe imekizunguka kibanda changu tangu alfajiri, hata mwendesha mashine hana nafasi ya kunywa uji. Akaja afisa wa kukadiria kodi, kijana mwenye adabu, akanisalimu shikamoo, akaketi juu ya gunia, akaniuliza: “Mwalimu, kwa siku unasaga madebe mangapi?” Nami, nikiitazama ile foleni, na moyo umenijaa furaha ya mtu ambaye kazi yake imeitika, nikamjibu kuwa hayapungui arobaini. Akaniuliza bei ya debe, nikamwambia shilingi mia sita. Akaniuliza kama ninalo daftari la mauzo, nikamwambia sina. Hakunibishia, hakuniongezea neno, wala hakuniomba chochote. Alizidisha tu arobaini kwa mia sita akapata 24,000, akazidisha kwa siku 360 za mwaka, akapata 8,640,000, akanionyesha hesabu yake nami nikaiona kuwa ni sahihi, kwa kuwa kuzidisha alikuwa amezidisha vema.

Kosa halikuwa katika kuzidisha. Kosa lilikuwa katika ile arobaini, ambayo ilikuwa kweli kwa mwezi wa Julai na uongo kwa mwezi wa Februari. Nani kati yetu asiyejua hali ya Februari katika nchi hii, watu wote wako mashambani, maghala yamepwaya, na akina mama wanaleta debe nusu, tena kwa mkopo? Madebe kumi yakipatikana kwa siku ni jambo la kushukuru. Na Jumapili mashine hailii kabisa. Na kuna siku mkanda umekatika na fundi yuko Sumbawanga. Na kuna siku dizeli imekwisha na barabara imeharibika kwa mvua. Mwaka uliofuata, nilipoanza kuandika, niliona kwamba wastani wangu ulikuwa madebe 20 kwa siku, na siku za kazi zilikuwa 300, yaani mauzo ya mwaka mzima yalikuwa shilingi 3,600,000. Kwa sheria iliyokuwapo, mtu wa mauzo hayo hakudaiwa hata senti moja ya kodi ya mapato. Mimi nililipa 250,000.

Sizungumzi haya kumlaumu yule kijana, kwani yeye hakuwa na njia ya kuiona Februari yangu. Mimi ndiye niliyeiona, na sikuiandika popote.

Sasa naomba mnivumilie kidogo, tuingie katika hesabu zenyewe, na mwenye kalamu karibu na aichukue. Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 iliweka, kwa ajili ya watu binafsi wenye biashara ndogo, utaratibu wa kutozwa kodi kwa kutazama mauzo ya mwaka badala ya faida, ili mtu asiyejua mizania na vitabu vya kihasibu naye apate mlango wa kuingilia. Jedwali lake limebadilishwa mara kadhaa. Lile lililopitishwa na Bunge mwaka 2019, ambalo ndilo lililonipata mimi, lilikuwa hivi: ambaye mauzo yake ya mwaka hayakuzidi milioni nne, hakutozwa. Ambaye mauzo yake yalipita milioni nne bila kuzidi milioni saba, ikiwa hana kumbukumbu, alitozwa 100,000, na ikiwa anazo kumbukumbu, alitozwa asilimia 3 tu ya kile kilichozidi milioni nne. Na ambaye mauzo yake yalipita milioni saba bila kuzidi kumi na moja, asiye na kumbukumbu alitozwa 250,000, na mwenye kumbukumbu 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi milioni saba. Ngazi zilizo juu ya hapo ziliguswa tena mwaka 2022, na kila mwezi wa Juni, bajeti inaposomwa Dodoma, zinaweza kuguswa tena. Kwa hiyo msizichukue tarakimu hizi mkazifanya kuwa za milele, bali kila mwaka mpya ulizeni katika ofisi ya Mamlaka ya Mapato jedwali la mwaka ule, maana kuuliza ni haki yenu.

Lakini litazameni jedwali hilo kwa macho ya mwenye duka, si kwa macho ya mtunga sheria. Chukueni mtu anayeuza shilingi 14,000 kwa siku, kila siku ya mwaka pasipo kupumzika, sukari, chumvi, sabuni, viberiti na mafuta ya kupikia. Kwa mwaka ameuza 5,110,000. Akiwa na daftari, kilichozidi milioni nne ni 1,110,000, na asilimia 3 yake ni shilingi 33,300. Asipokuwa na daftari, analipa 100,000. Tofauti yake ni 66,700, na hiyo haikutokana na kuuza zaidi wala kupata faida zaidi, bali imetokana na kukosa vijitabu vya kuandikia ambavyo vyote kwa mwaka mzima havifiki thamani ya kilo kadhaa za sukari. Na aliyeuza milioni nane, mwenye kumbukumbu angelipa 120,000, na asiye nazo 250,000. Mimi sijui biashara nyingine hapa Kate inayomlipa mtu kiasi hicho kwa kazi ya dakika tano kila jioni.

Hapa sokoni kwetu yuko mama mmoja, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa sikumwomba ruhusa, anayechukua dagaa na migebuka Kirando, kule ziwani Tanganyika, akapanda nao huku juu kwetu penye baridi, akauza kwa vipimo vya bakuli na kwa mafungu. Shule aliishia darasa la nne. Siku moja, nikiwa nimekwenda kununua kitoweo, nilimwona mjukuu wake ameinamia daftari la shule, lile ambalo nyuma yake pamechapwa jedwali la kuzidisha, nikadhani mtoto anafanya kazi aliyopewa na mwalimu wake. Kumbe anaandika mauzo ya bibi. Nikaomba nilione. Kila ukurasa ulikuwa umepigwa mistari kwa rula ya mti, ukagawanyika safu tano: tarehe, nilichonunua, nauli na mzigo, nilichouza, na safu ya mwisho imeandikwa “nilichokula”. Nikamwuliza mama, hii ya nilichokula ni nini? Akanijibu: “Mwalimu, dagaa ninaowapikia wajukuu si wamenunuliwa kwa fedha ya mtaji? Nisipoandika, nitadhani nimeibiwa.” Nimefundisha hesabu miaka mingi, wasikilizaji, na sikupata kumsikia mtu akieleza tofauti ya fedha ya biashara na fedha ya nyumba kwa maneno machache na safi kama hayo.

Walakini kilichonishika zaidi kilikuwa kitu kingine. Katikati ya ukurasa wa mwezi wa Machi palikuwa na siku nne zimefuatana, na katika kila moja, kwenye safu ya nilichouza, ameandika sifuri, na pembeni yake neno moja: mvua. Mbele kidogo sifuri nyingine, na neno: msiba. Halafu mbili: mtoto hospitali. Watu wengi wenye daftari huandika siku walizouza na kuziruka siku wasizouza, kwa kuwa wanaona haya au wanaona hakuna la kuandika. Na mkadiriaji akilifungua daftari la namna hiyo haoni siku zilizokufa, anaona siku hai tu, naye atazichukua hizo kuwa ndio mfano wa mwaka. Yule mama alikuwa ameziandika siku zake za hasara kwa uangalifu ule ule wa siku za faida. Februari yangu niliyoipoteza, yeye alikuwa nayo, imeandikwa kwa penseli, imetunzwa ndani ya mfuko wa plastiki isilowe.

Jambo la karatasi na kodi si geni katika nchi hii ya Ufipa. Wajerumani walitoa amri ya kodi ya nyumba mwaka 1897, ikaanza kutekelezwa mwaka 1898, rupia tatu kwa nyumba ya shamba. Na boma lililotawala upande wetu lilikuwa Kasanga, kwenye ufuo wa ziwa, walikokuita Bismarckburg. Hapo mwanzo iliruhusiwa mtu alipe kwa mazao au kwa kazi, baadaye ikatakiwa fedha taslimu, na hapo ndipo ilipoanza safari ndefu ya vijana wetu, ambayo Waingereza waliikuta na kuiendeleza kwa sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa ya mwaka 1922. Wazee wetu, ambao walijua kuyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo na kufua majembe, na ambao walijua kulima kwa matuta ya ntumba yanayozika majani yakageuka mbolea, hawakuwa na fedha ya sarafu. Ikawa hawana budi kuitafuta mbali, katika mashamba ya mkonge ya Tanga, walikoitwa manamba, na wengine katika migodi ya shaba ya upande wa kusini. Wapo waliorejea, na wapo ambao hata leo koo zao hazijui makaburi yao yaliko.

Marehemu baba yangu alikuwa na kopo la bati, lililokuwa la majani ya chai, na ndani yake alihifadhi stakabadhi za kodi za miaka yake yote, zimefungwa kwa uzi, za mwaka wa zamani chini na za mwaka mpya juu. Sisi watoto hatukuruhusiwa kuligusa. Baada ya uhuru kodi ya kichwa ilifutwa, kisha katika miaka ya 1980 ikarudi kwa jina la kodi ya maendeleo, na wenye umri wangu mtakumbuka jinsi mgambo walivyokuwa wakitokea alfajiri, na wanaume wakikimbilia mashambani na kulala huko, mpaka ilipofutwa mwaka 2003. Baba hakukimbia hata siku moja. Alikuwa akifungua mlango, anawakaribisha, analeta kopo, anatoa stakabadhi ya juu kabisa, anawaonyesha, wanakwenda zao. Sitaki mtu adhani ninaisifu kodi ile, ambayo ilimtoza maskini sawa na tajiri, na ambayo nadhani serikali ilifanya vema kuifuta. Nasema tu kwamba katika kijiji kizima kilichokuwa kikihangaika, mzee asiye na ng’ombe wala duka alilala usingizi kwa sababu ya karatasi zilizofungwa kwa uzi. Hili neno stakabadhi tumelipokea kutoka Kiarabu, na maana yake imo katika kukabidhi: uliyempa amekiri kwamba amepokea. Mtu asiyedai stakabadhi amempa mwenzake mali bila ya ushahidi.

Nimesema serikali ilifanya vema mwaka 2003. Na haki inanitaka niseme pia pale ninapoona sheria ya sasa ina upungufu. Kutoza kwa mauzo ni rahisi kwa anayehesabu, lakini hakumtendei kila mtu sawa. Fundi cherehani anayeshona kwa kitambaa cha mteja, shilingi mia anazopokea sehemu kubwa yake ni jasho lake. Mwenye duka anayeuza sukari, shilingi mia anazopokea karibu zote ni za yule aliyemwuzia kwa jumla Sumbawanga, na kinachobaki mkononi ni kidogo mno. Wote wawili wakiuza milioni nane, jedwali linawaona kuwa ni ndugu pacha, ilhali mmoja anaweza kuwa ameweka akiba na mwingine amekula mtaji. Kilio cha “nimeuza lakini sijapata” si kilio cha mtu mvivu wa kulipa. Aghalabu ni kweli tupu. Natamani wabunge wetu, wanapoketi na majedwali haya, wakumbuke kwamba sukari na cherehani si biashara moja.

Hata hivyo sheria yenyewe imeacha mlango, na ni wachache wanaoujua. Mtu binafsi anaweza kuandika barua na kuchagua kwamba yeye asitozwe kwa mauzo bali kwa faida, kama watozwavyo wakubwa. Na tangu Julai 2020 mapato ya mtu mkaazi yasiyozidi 3,240,000 kwa mwaka, yaani 270,000 kwa mwezi, hayatozwi kodi. Yule muuza sukari ambaye mauzo yake ni milioni nane na faida yake haifiki milioni moja, akiweza kuithibitisha faida hiyo, angekuwa katika hali nyingine kabisa. Lakini angalieni neno hilo: akiweza kuithibitisha. Ili athibitishe faida hana budi awe na karatasi za alichonunua, na za nauli, na za pango, na za mishahara, kila kitu na ushahidi wake. Kwa hiyo ule wito wa Mamlaka ya Mapato ambao mmeuzoea, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, ile sehemu yake ya pili wengi wetu tunaichukulia kama jambo la kuisaidia serikali tu. Mwenye duka anayerudi kutoka Sumbawanga na mzigo wa laki tano bila ya risiti, amejisababishia mwenyewe kwamba siku ya hesabu itaonekana ameuza mali ambayo hakuinunua, na mauzo yake yote yatafanana na faida.

Nije kwenye mambo ya halmashauri, ambako nitapita kwa haraka, kwa kuwa tozo na leseni za huko zinatofautiana kwa aina ya shughuli, na ni bora kila mmoja aulize ya kwake. Lakini moja lazima nilitaje, kwani linawagusa wengi wanaonisikiliza. Ushuru wa mazao, ambao zamani ulifika asilimia 5, ulipunguzwa katika bajeti ya mwaka 2017 ukawa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Na katika bajeti hiyo hiyo ikatamkwa kwamba asafirishaye mazao yasiyozidi tani moja kutoka halmashauri moja kwenda nyingine asitozwe. Tani moja ni magunia kumi ya kilo mia. Mama anayepeleka magunia matatu ya maharage kwa mwanawe aliye nje ya wilaya, au mkulima anayepeleka magunia matano ya mahindi kuuza, na wajue neno hilo, walitamke kwa heshima penye kizuizi, na wakitozwa kwa sababu yoyote wadai stakabadhi yenye mhuri na jina. Ushuru, kwa asili ya neno lenyewe huko Uarabuni, ni sehemu ya kumi. Sheria yetu imeuteremsha chini sana ya hapo, basi asiwepo mtu wa kuupandisha tena barabarani kwa mkono wake mwenyewe.

Wengine mtaniuliza habari ya vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo alivyovitoa Rais John Magufuli mwezi wa Desemba 2018, kwa shilingi 20,000 kila kimoja, kwa watu ambao mauzo yao hayakuzidi milioni nne kwa mwaka. Vilileta nafuu kubwa kwa machinga na akina mama lishe, nami niliiona nafuu hiyo kwa macho yangu. Lakini vilizaa pia dhana moja mbaya, kwamba aliye nacho hana haja tena ya hesabu. Milioni nne ni takriban shilingi 11,000 kwa siku. Mwenye kibanda cha chai na chapati karibu na kituo cha magari anaweza kuuvuka mstari huo bila ya kujua, na mwenye duka anaweza kuwa chini yake ilhali anadhaniwa kuwa juu. Ni nini kitakachosema wewe uko upande gani wa mstari, ikiwa si kile ulichokiandika?

Mei 2023 wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, walifunga maduka yao siku kadhaa kwa malalamiko ya kamatakamata na ya usajili wa stoo, hata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akaenda kuwasikiliza katika viwanja vya Mnazi Mmoja. Sisi wa Kate hatuna sauti ya Kariakoo. Tukifunga vibanda vyetu hakuna waziri atakayepanda ndege, na wenye njaa watakuwa majirani zetu. Kwa sababu hiyo hiyo tunahitaji zaidi kuzijua haki zilizoandikwa, ambazo mtu mmoja peke yake anaweza kuzidai. Namba ya mlipakodi hutolewa bure, na anayekutoza fedha kwa namba hiyo anakudhulumu. Kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne, mwisho wa Machi, wa Juni, wa Septemba na wa Desemba; hulazimiki kuitoa yote kwa mara moja ukabaki bila ya mtaji. Na ukiletewa tathmini unayoiona si ya haki, unazo siku 30 tangu kuipokea za kuandika pingamizi kwa Kamishna, nawe utatakiwa ulipe kwanza theluthi moja ya inayodaiwa, au kile kiasi usichokibishania, kile kilicho kikubwa zaidi. Bado usiporidhika iko Bodi ya Rufani za Kodi. Mimi siku zangu 30 zilipita nikiwa ninalalamika barazani kwa watu ambao hawakuwa na uwezo wa kunisaidia, na siku ya thelathini na moja maneno yangu yote, hata yaliyokuwa ya kweli, hayakuwa na pa kwenda.

Nimesikia pia, na inanihuzunisha, kwamba wako wanaoshauriwa kuwa na madaftari mawili, moja la nyumbani lenye kweli na moja la kuonyesha. Ndugu zangu, huo ni wizi, wala sina neno laini la kuupambia. Zahanati anayotibiwa mtoto wako, dawati analokalia, vyote vimetoka katika hazina hiyo hiyo. Tena daftari la uongo halikulindi: siku utakapohitaji mkopo benki, au utakapotaka kupinga tathmini, au mtakapogawana mali ya biashara na mwenzako, daftari gani utalitoa? Nami kwa upande wa pili nawaomba maafisa wa kodi wanaonisikia, ambao wengi wao ni watoto tuliowafundisha, kwamba wakifika kwenye kibanda cha mtu mwezi wa Julai wamwulize na habari ya Februari. Na wakipewa daftari lililoandikwa kwa penseli na mkono wa mtoto, wasilidharau kwa kuwa halikupigwa chapa.

Muda niliopewa unakwisha. Mwenye biashara yoyote, hata iwe ya kuuza maandazi kwa sinia, kesho asubuhi na anunue daftari moja la shule, apige safu tano kama za yule mama wa dagaa, na kama hajui kupiga mistari amwite mwanawe wa darasa la sita. Aandike kila jioni kabla ya kula. Daftari likijaa asilitupe wala asilitumie kufungia maandazi, bali alihifadhi mahali pakavu kwa miaka mitano, kwa kuwa huo ndio muda sheria inaoutaka. Na siku asiyouza kitu, kwa mvua, kwa msiba au kwa ugonjwa, naomba sana asiiruke: aandike tarehe, aandike sifuri, na pembeni yake aandike sababu.